Chai Moja, Kisima na Mvua

Mimina chai ya rangi kwenye kikombe cheupe, kisha iache itulie dakika kumi bila kuigusa. Ikiwa maji yake yamechotwa kwenye kisima cha pwani, Kilwa Kivinje au Lindi mjini, uso wa chai huweza kuota utando mwembamba unaometameta. Ukiugusa kwa kijiko unapasuka vipande vipande, na chai ikiisha unabaki mstari wa kahawia uliong'ang'ania kikombeni. Lawama humwangukia aliyeosha birika, au mwenye duka aliyeuza majani. Wote wawili wanaonewa.

Mwaka 1993 wanakemia Michael Spiro na Deogratius Jaganyi wa Imperial College, London, walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya utando huo. (Jaganyi baadaye alikuja kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Mount Kenya, Thika.) Walionyesha kwamba chai iliyopikwa kwa maji yaliyokenekwa, yasiyo na madini, haifanyi utando. Ili utokee, maji lazima yawe na kalsiamu na bikaboneti kwa pamoja. Hapo viambata vya chai vinavyokutana na oksijeni juu ya kikombe huungana na chokaa na kuganda. Tone la limau huzuia jambo hilo, kwa sababu asidi yake huivunja bikaboneti. Hata chai nzito sana huota utando kidogo kuliko chai nyepesi, kwani ina asidi yake yenyewe.

Sasa tazama Kilwa imejengwa kwa nini. Husuni Kubwa, Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, magofu ya Songo Mnara: kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Jiwe hilo ni kalsiamu kaboneti, na liko pia chini ya udongo wa pwani. Mvua ikipenya ardhini hubeba kaboni dayoksaidi ya udongo, ikawa na asidi kidogo, ikaliyeyusha jiwe njiani. Kinachofika kisimani ni kalsiamu na bikaboneti, vilevile viwili vinavyosubiriwa na chai.

Ndiyo maana mtu wa mwambao wa Lindi anayetaka kulinganisha chai nyumbani anashauriwa kuanza na maji kabla ya kugusa pakiti ya pili. Jaribio ni jepesi. Chukua majani ya pakiti moja, pika kikombe kimoja kwa maji ya kisima na kingine kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye simtanki, yakiwa yamechujwa na kuchemshwa. Viweke kando kwa kando dirishani. Cha mvua kinaelekea wekundu mwangavu na ladha yake ina ncha. Cha kisima ni cheusi zaidi, kimefifia, na ulimini kinatulia. Ukikamulia limau kile cha kisima, rangi yake inapauka palepale, maana sehemu kubwa ya rangi ya chai ni viambata vinavyokolea katika maji yenye magadi na kufifia kwenye asidi.

Kuna chumvi pia. Visima vilivyo karibu na bahari mara nyingi huingiliwa na maji ya bahari, na wenyeji wanajua kisima kipi kina "maji baridi" na kipi cha kufulia tu. Januari 2024 Michelle Francl, mwanakemia wa Bryn Mawr College, Marekani, alizua mjadala mkubwa Uingereza kwa kupendekeza chembe ya chumvi ndani ya chai: sodiamu hupunguza uchungu unaosikika ulimini. Waingereza walikasirika kweli, hadi ubalozi wa Marekani mjini London ukatoa tamko. Pwani ya Lindi kuna watu waliokunywa chai yenye chumvi kidogo maisha yao yote, bila kuulizwa na mtu.

Maji yakishajulikana, ndipo majani yashindanishwe. Hapa kosa la kawaida ni kijiko. Majani mengi ya Afrika Mashariki husindikwa kwa mtambo wa kusaga, kurarua na kuviringisha, uliobuniwa Assam, India, miaka ya 1930 na William McKercher. Unatoa punje ndogo, na punje huchambuliwa kwa ukubwa: kubwa huku, ndogo kule, vumbi mwisho. Madaraja hayo yanaeleza ukubwa wa punje. Ubora ni suala jingine. Lakini kijiko cha vumbi kina uzito zaidi kuliko kijiko cha majani makubwa, na vumbi hutoa rangi upesi zaidi. Anayepima kwa kijiko atasema chai ya vumbi "ina nguvu" wakati ameweka nyingi tu.

Mizani ya jikoni ikikosekana, kifuko cha chai kinasaidia. Soma boksi: vifuko 100 vyenye gramu 200 maana yake kila kimoja ni gramu mbili. Pasua kimoja, mwaga juu ya sahani, na hicho kiwe kipimo cha kukadiria kwa macho.

Gramu mbili zina historia yake. Kanuni ya kimataifa ISO 3103, iliyotolewa mwaka 1980, inaagiza gramu mbili za majani kwa kila mililita 100 za maji yanayochemka, ziloweke dakika sita, katika chombo cheupe cha kauri. Waraka wa Uingereza unaolingana na kanuni hiyo ulipewa mwaka 1999 tuzo ya Ig Nobel, ile ya utafiti wa kuchekesha kwanza na kufikirisha baadaye. Chai ya namna hiyo ni kali kuliko ya kunywea mezani, na imekusudiwa hivyo: ukali hufichua kasoro. Weupe wa kikombe nao ni wa lazima, kwa sababu rangi haisomeki kwenye kikombe cha bati chenye maua. Kilwa haikuwa mgeni wa kauri. Vigae vya vyombo vya China vya karne ya 14 vimefukuliwa kisiwani, karne nyingi kabla Wajerumani hawajapanda michai Amani, Usambara.

Michai yenyewe haistawi pwani hii ya joto na kiangazi kirefu. Inatoka Mufindi, Njombe, Rungwe na Usambara, kwenye ubaridi wa milimani. Na hapo mnywaji wa Kilwa ana faida moja juu ya mkulima. Mufindi, karibu mita 1,900 juu ya bahari, maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi. Kilwa Masoko yanafika 100, kwa hiyo majani yaleyale hutoa zaidi. Chai ya kijani ndiyo inayoumizwa na moto huo: iachie maji yapoe dakika chache kwanza, la sivyo itakuwa chungu bure.

Waonjaji wa viwandani na wa mnada wa Mombasa huvuta chai kwa kijiko, kwa kishindo, kisha huitema. Mtoto wa pwani akifanya hivyo mbele ya wageni atakaripiwa, lakini sauti ile ina kazi: chai hutawanyika kuwa matone madogo, na harufu yake hupanda puani kwa kupitia nyuma ya koo. Kisha wanatafuta ukakasi. Uchungu ni ladha. Ukakasi ni mguso. Aliyetafuna bibo la korosho Lindi au Nachingwea anaujua vizuri: tanini hushikana na protini za mate, ulimi ukapoteza utelezi. Katika chai iliyo nzuri ukakasi huja haraka, ukachangamsha kinywa na kuondoka. Katika chai iliyochoka unaganda kwenye fizi.

Maziwa yanauzima, kwa kuwa protini zake hushikana na tanini kabla mate hayajafikiwa. Kwa hiyo onja kavu kwanza, bila sukari, bila iliki, bila kitafunwa. Ndipo utengeneze upendavyo. Tangawizi nayo itangulie: ichemshwe vyema na maji kabla ya maziwa kuingia, maana ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachokata protini, na maziwa huweza kukatika sufuriani.

Mchaichai hauingii kwenye shindano hili. Ni nyasi yenye harufu ya limau, haina undugu na mchai, haina kafeini wala ukakasi wa kulinganisha.

Jambo la mwisho kabla ya kutoa hukumu ni kunusa pakiti yenyewe. Majani makavu ya chai hunyonya unyevu na harufu kwa haraka, na hewa ya bahari haina huruma. Pakiti iliyokaa wazi dukani kati ya sabuni ya mche na dagaa itashindwa hata na chai ya bei ndogo iliyofungwa vizuri. Kopo la bati lenye kifuniko cha kubana, mbali na jiko na mbali na pweza mkavu, linatosha.