Fedha za Visiwani (2): Mizani ya Sayyid Barghash

Sehemu ya kwanza ya makala haya iliishia pale reale ya Maria Theresa ilipolishika soko la Unguja. Nirudie kidogo, maana bila hiyo hatutaelewa kilichoikuta sarafu ya Sayyid Barghash. Malkia huyo wa Austria alifariki mwaka 1780, lakini reale zenye sura yake ziliendelea kupigwa kizazi baada ya kizazi, zote zikiwa na mwaka uleule wa 1780. Kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 28 na ushei, na fedha safi ilikuwa sehemu tano kati ya sita za uzito huo. Wafanyabiashara wa Bahari ya Sham na wa pwani yetu waliikagua kwa makini: waliangalia lulu za pambo lake, wakapapasa maandishi ya ukingoni. Iliyotofautiana kidogo tu na ile waliyoizoea waliitilia shaka.

Hapo ndipo alipoingia Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Mwaka 1299 wa Hijria, yaani 1882, aliagiza sarafu zake mwenyewe kutoka Ulaya. Zilikuwepo za dhahabu, za fedha kwa thamani ya reale na vipande vyake, na za shaba, ambazo ni pesa. Kwa mtawala aliyekuwa akibanwa na Waingereza, naamini jambo hili lilikuwa na uzito mkubwa kuliko biashara yenyewe. Sarafu yenye jina lake ilikuwa ushahidi kwamba Zanzibar ni dola.

Ile ya fedha haikushika, na sababu yake si ngumu kuiona. Tajiri wa Unguja hakuihitaji reale kwa ajili ya kununulia vitu Darajani. Aliihitaji ili alipie nguo, mchele na tende kutoka ng'ambo, na huko ng'ambo watu walimjua Maria Theresa kabla Barghash hajazaliwa. Reale mpya, hata ingekuwa nzuri vipi, ikivuka bahari ingepimwa upya kama kipande cha fedha tu.

Pesa ya shaba ndiyo iliyofanikiwa, kwa kuwa haikuwa na safari ya kwenda popote. Ilinunua muhogo, samaki, mafuta ya taa, ikarudi kwa mwenye duka na kutoka tena siku hiyohiyo. Ukiipata leo, itazame vizuri. Upande mmoja una jina la Sultani kwa herufi za Kiarabu. Wa pili una mizani yenye vitanga viwili vinavyoning'inia sawasawa, pamoja na mwaka. Nadhani aliyechagua alama hiyo aliijua nchi: asiyejua kusoma neno hata moja aliitambua mizani, kwa sababu aliiona kila alipokwenda dukani. Mwaka 1304 wa Hijria zikapigwa nyingine za namna hiyohiyo.

Tatizo lilikuwa kwenye hesabu. Pesa 64 zilifanya rupia moja ya Bara Hindi, na pesa 136 zikafanya reale moja. Kwa hiyo reale ilikuwa sawa na rupia mbili na pesa nane, na karani alilazimika kuzishika hesabu zote tatu kichwani.

Nayo bei ya fedha duniani ilikuwa imeanza kuporomoka tangu miaka ya 1870. Mwaka 1893 serikali ya Uingereza huko India iliacha kuwapigia watu rupia kutokana na fedha zao wenyewe, na baadaye rupia 15 zikafungwa kwa pauni moja. Rupia ikawa na mlinzi. Reale haikuwa naye, ikabaki na thamani ya fedha iliyomo ndani yake tu. Mzee aliyefukia reale chini ya sakafu akiamini ameweka akiba ya wajukuu alikuta akiba imepungua bila mwizi kuingia ndani. Katika historia yote ya fedha za visiwa hivi, hili ndilo linaloniumiza zaidi.

Mwaka 1908, chini ya Sultani Ali bin Hamud, Zanzibar ilitoa noti zake za rupia zenye picha ya jahazi, na senti zenye mnazi, senti mia kwa rupia. Senti hizo hazikuenea sana na leo ni adimu. Noti zilidumu zaidi, lakini thamani yake ilitegemea rupia ya India.

Kenya, Uganda na Tanganyika zilipohamia shilingi mwanzoni mwa miaka ya 1920, Zanzibar haikufuata. Wengine huona huo ni ukaidi wa kisiwa. Mimi sikubaliani nao. Mchele ulitoka India na Burma, na karafuu nyingi zilinunuliwa India. Kuacha rupia wakati huo kungekuwa sawa na kulihama soko lako.

Mwisho ulifika tarehe 1 Januari 1936. Rupia moja ilibadilishwa kwa shilingi moja na nusu ya Afrika Mashariki, na noti zenye jahazi zikaanza kuondolewa mikononi mwa watu. Sehemu ya tatu itaanzia hapo, chini ya Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki, hadi Benki Kuu ya Tanzania ilipofungua milango yake mwaka 1966.