Maadui wa zamani walivyoandika kitabu kimoja cha historia

KWA miongo mingi, kijana wa Kifaransa na kijana wa Kijerumani walisoma habari za vita vilevile katika vitabu visivyopatana. Mmoja alifundishwa kwamba nchi yake ilivamiwa. Mwingine alifundishwa kwamba nchi yake ilizingirwa na maadui, ikalazimika kujihami.

Mwaka 2006 jambo ambalo vizazi vilivyotangulia visingelifikiria lilitimia. Kitabu kimoja cha kiada, kinachohusu Ulaya na dunia tangu 1945, kilitolewa kwa ajili ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari katika nchi zote mbili. Maelezo, picha na ramani zilikuwa zilezile. Kilichotofautiana ni lugha.

Uzito wa hatua hiyo unaeleweka kwa kukumbuka kwamba Ufaransa na Ujerumani zilipigana mara tatu katika muda wa miaka 75: mwaka 1870 hadi 1871, 1914 hadi 1918, na 1939 hadi 1945.

Wazo la wanafunzi

Wazo la kitabu hicho halikutoka kwa mawaziri. Januari 2003, nchi hizo ziliadhimisha miaka 40 ya Mkataba wa Élysée, ambao Rais Charles de Gaulle na Chansela Konrad Adenauer waliutia saini mwaka 1963 ili kufungua ukurasa wa urafiki. Katika maadhimisho hayo mamia ya wanafunzi wa pande mbili walikutana mjini Berlin katika bunge la vijana, na miongoni mwa mapendekezo yao likawamo la kuwa na kitabu kimoja cha historia.

Rais Jacques Chirac na Chansela Gerhard Schröder walilipokea pendekezo hilo. Kazi ikakabidhiwa walimu na wanahistoria wa pande zote mbili, chini ya uhariri wa Guillaume Le Quintrec na Peter Geiss, huku uchapishaji ukisimamiwa na kampuni za Nathan ya Ufaransa na Klett ya Ujerumani.

Toleo la Kifaransa lilizinduliwa Mei 2006 mjini Péronne, katika eneo la mto Somme, ambako zaidi ya askari milioni moja waliuawa au kujeruhiwa mwaka 1916. Juzuu ya pili, inayoanzia Kongamano la Vienna la 1815 hadi 1945, ilitoka mwaka 2008, na ya tatu, inayorudi hadi zama za kale, ikafuata mwaka 2011.

Nani aliyeanzisha vita?

Waandishi hao hawakuanzia patupu. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu chake cha 231, uliitwika Ujerumani na washirika wake dhamana ya hasara zote za vita. Kifungu hicho kiliwachukiza mno Wajerumani, na Chama cha Nazi kikaitumia chuki hiyo kujipatia wafuasi.

Mwaka 1951 wanahistoria wa nchi mbili, wakiwamo Pierre Renouvin na Gerhard Ritter, walikubaliana kwamba nyaraka zilizopo hazithibitishi kuwa serikali au taifa lolote lilidhamiria tangu awali kuitumbukiza Ulaya katika vita mwaka 1914. Mwaka huohuo Georg Eckert alianzisha mjini Braunschweig taasisi ya kuchunguza vitabu vya shule, ambayo hadi leo ina jina lake.

Hata hivyo, miaka kumi tu baadaye mwafaka huo ulitikiswa, tena na Mjerumani. Mwaka 1961 Fritz Fischer alichapisha utafiti ulioonyesha kwamba watawala wa Ujerumani walibeba sehemu kubwa ya lawama. Ikadhihirika kwamba historia haimalizwi kwa kutia saini makubaliano, kwani nyaraka mpya na maswali mapya huweza kuufungua upya mjadala uliodhaniwa kufungwa.

Mabishano yasiyotarajiwa

Wengi wangedhani kwamba waandishi wa 2006 waligombana juu ya Hitler. Sivyo. Kuhusu uhalifu wa utawala wa Nazi hapakuwa na mzozo mkubwa. Tofauti zilijitokeza hasa katika miaka iliyofuata 1945, na zaidi juu ya mambo mawili: Marekani na ukomunisti.

Kwa Wajerumani wa magharibi, Marekani ni nchi iliyoulisha mji wa Berlin kwa ndege mwaka 1948 na 1949, pale Wasovieti walipozifunga njia za nchi kavu. Ufaransa, kwa upande wake, iliuona uwezo wa Marekani kwa tahadhari, na mwaka 1966 de Gaulle aliyaondoa majeshi ya nchi yake katika uongozi wa pamoja wa kijeshi wa NATO.

Kuhusu ukomunisti hali iligeuka. Mfaransa huwakumbuka Wakomunisti waliopigana kwa siri dhidi ya Wanazi na kushiriki katika serikali hadi mwaka 1947. Mjerumani hukumbuka Ukuta wa Berlin, uliosimama kuanzia 1961 hadi 1989.

Badala ya kutafuta sentensi ya kati isiyomuudhi yeyote, waandishi waliziweka tofauti hizo wazi. Kitabu kina sehemu maalumu zinazolinganisha mitazamo ya nchi hizo na kueleza kwa nini tukio moja hukumbukwa kwa namna mbili.

Hata ufundishaji ulibidi kupatanishwa. Kwa desturi, vitabu vya Kifaransa hutegemea zaidi picha na vielelezo, ilhali vya Kijerumani hutoa nafasi kubwa kwa maandishi na kumtaka mwanafunzi atoe hukumu yake mwenyewe.

Wasiokuwapo mezani

Mapatano ya wawili, hata hivyo, si mapatano ya wote. Mataifa haya mawili yalitawala makoloni, na waliotawaliwa hawakuwa miongoni mwa waliobuni kitabu hicho.

Suala hilo lilikuwa moto wakati huohuo. Februari 2005 Ufaransa ilipitisha sheria iliyotaka mitaala itambue mchango mwema wa Wafaransa katika nchi walizozitawala, hususan Afrika Kaskazini. Wanahistoria na walimu walipinga, na mapema mwaka 2006 kifungu hicho kikafutwa. Kwa upande wa Ujerumani, ilikuwa ni Novemba 2023 pale Rais Frank-Walter Steinmeier alipoomba msamaha mjini Songea, Tanzania, kwa ukatili wa vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Mafanikio na vikwazo

Kitabu hakikuenea kama ilivyotarajiwa. Ujerumani ina majimbo 16, na kila moja hupanga mtaala wake. Ufaransa ina mtaala mmoja wa taifa, nao ulianza kubadilishwa mwaka 2010. Kitabu kisichoendana na mtihani hukosa nafasi darasani, hivyo watumiaji wake wakuu wakawa madarasa yanayofundisha kwa lugha zote mbili.

Pamoja na hayo, njia iliyofunguliwa ilipata wafuasi. Ujerumani na Poland zilitoa juzuu nne za kitabu chao cha pamoja kati ya 2016 na 2020. Huko Asia ya Mashariki, wasomi na walimu wa China, Japani na Korea Kusini walikuwa wametoa chao mwaka 2005, bila ya serikali zao kukifanya cha lazima.

Kijana aliyesomea kitabu cha aina hiyo halazimiki kuafikiana na jirani yake. Kinachotarajiwa ni kwamba amalizapo shule awe anaijua simulizi ya jirani huyo, ushahidi unaoitegemeza, na mahali ushahidi huo unapokomea.