Kufundisha Mawimbi kwa Vitendo: Mifano ya Kilosa na Mikumi

Mwanafunzi wa shule ya msingi aweza kukariri kwamba sauti ni mawimbi na kwamba nuru husafiri katika mstari ulionyoka, akapata alama zote katika mtihani, na bado asiyaelewe mambo hayo. Akiingia kidato cha kwanza hukuta sayansi inafundishwa kwa Kiingereza. Maneno aliyoyakariri kwa Kiswahili hayamfai tena, na kwa kuwa nyuma ya maneno hayo hapakuwa na kitu alichokiona wala kukipima, hulazimika kuanza upya. Mwenzake aliyefanya majaribio kwa mikono yake huhitaji tu jina jipya la kitu anachokijua tayari.

Sababu inayotajwa mara nyingi ni ukosefu wa maabara. Lakini kwa somo la mawimbi, Wilaya ya Kilosa, tangu mji wenyewe hadi Mikumi upande wa kusini, ina vifaa tele kwa mwalimu aliye tayari kuvitumia.

Wimbi ni nini?

Wimbi ni mtikisiko usafirio kutoka mahali pamoja hadi pengine bila kukihamisha kitu kinachotikisika. Kamba ndefu ya katani, zao linalojulikana sana Kilosa, yatosha kulithibitisha jambo hili. Kitambaa chekundu hufungwa katikati ya kamba, kisha ncha moja hutikiswa. Wimbi hukimbia hadi ncha ya pili, lakini kitambaa hupanda na kushuka pale pale kilipofungwa.

Sauti

Ngoma mbili huwekwa karibu bila kugusana, na punje chache za mchele hutiwa juu ya ngozi ya mojawapo. Ile nyingine ikipigwa kwa nguvu, punje huruka. Hakuna mkono uliozigusa. Mtikisiko umepita hewani.

Kasi ya sauti nayo hupimika kwa futikamba, saa na ukuta mpana wa ghala au wa shule. Wanafunzi husimama mita 85 kutoka ukutani. Mmoja hupiga makofi na kurekebisha mwendo wake mpaka kila kofi liangukie pamoja na mwangwi wa kofi lililotangulia. Mwenzake huhesabu makofi, akianza na sifuri, hadi 20. Kila mara sauti imekwenda na kurudi mita 170. Kwa makofi 20 ni mita 3,400. Zikipita sekunde 10, kasi ni mita 340 kwa sekunde. Katika joto la nyuzi 30 za Selsiasi, kasi hiyo hukaribia mita 350. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kilosa apataye jibu lililozidi kidogo lile la kitabuni asiharakishe kulifuta. Yawezekana ameipima hewa ya kwao kwa usahihi.

Jaribio la tatu lahitaji rula ndefu tu. Rula hubanwa ukingoni mwa meza na ncha yake kupigwa. Sehemu inayochomoza ikiwa fupi, sauti huwa nyembamba. Ikirefushwa, sauti huwa nzito, mpaka mwishowe macho yaone mtikisiko ambao masikio hayausikii. Binadamu husikia mitikisiko kuanzia karibu 20 kwa sekunde, yaani hezi 20, hadi 20,000.

Hapo ndipo Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, inapoingia katika somo. Mwaka 1984 mtafiti wa Kimarekani, Katy Payne, alitambua katika bustani ya wanyama ya Portland, Marekani, kwamba tembo wa Asia hutoa sauti zilizo chini ya upeo wa usikivu wetu. Baadaye yeye na Joyce Poole walizichunguza sauti kama hizo za tembo wa Afrika huko Amboseli, Kenya. Wimbi la hezi 17 lina urefu wa mita 20, na sauti nzito namna hiyo huweza kumfikia tembo mwingine aliye umbali wa kilomita kadhaa. Basi msafiri anayepita hifadhini na kuona kundi la tembo limesimama kimya, huenda kimya hicho ni cha masikio yake tu.

Nuru

Darasa lenye bati lililotoka msumari ni kero wakati wa mvua, lakini wakati wa jua ni kamera. Nuru ipitayo katika tundu dogo huchora waa la mviringo, hata kama tundu lenyewe si la mviringo. Waa hilo ni taswira ya Jua. Tarehe 1 Septemba 2016, Jua lilipopatwa na kuonekana kama pete huko Rujewa, mkoani Mbeya, mahali ambapo Jua lilifunikwa sehemu tu mawaa kama hayo yalikuwa na umbo la hilali.

Karatasi ikishikwa kuukabili mwale, mita 4 kutoka tunduni, waa huwa na upana wa milimita 37 hivi, baada ya kutoa upana wa tundu. Kwa kuwa Jua liko umbali wa kilomita milioni 150, hesabu ya uwiano yampa mwanafunzi kipenyo cha Jua: karibu kilomita milioni 1.4. Hapaswi kamwe kulitazama Jua lenyewe kwa macho.

Kwamba nuru nayo ni wimbi huonekana katika kidimbwi kilichodondokewa na dizeli. Beseni la maji na tone moja la mafuta hayo hutosha, bila mtoto kusogelea barabara kuu ipitayo Mikumi. Mawimbi yanayorudi kutoka juu na chini ya utando huo mwembamba huongezeana nguvu au kufutana, na rangi hutokea kwa kadiri ya unene wa utando. Wimbi la nuru nyekundu lina urefu wa karibu sehemu 7 za 10,000 za milimita moja.

Wajibu wa mwalimu

Kabla ya kila jaribio, wanafunzi waandike wanavyokisia. Baada yake, walinganishe makisio na vipimo, na tofauti zijadiliwe badala ya kufichwa. Mjadala huo uwe kwa lugha wanayoimudu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, inaonyesha kwamba istilahi zinapatikana. Kinachopungua ni saa moja kwa wiki ya kutoka nje na kamba, ngoma na futikamba.