Tofauti ya Seli za Yukarioti na Prokarioti: Mfano wa Mashamba ya Mwani ya Kigombe

Katika mashamba ya mwani ya Kigombe, wilayani Muheza, kamba moja huweza kubeba viumbe wa aina zote mbili za seli. Mwani wenyewe, kwa mfano Eucheuma denticulatum ambao wakulima huuita spinosamu, ni yukarioti: DNA ya seli zake imehifadhiwa ndani ya kiini chenye utando maradufu. Nyuzi za Lyngbya majuscula, ambazo huota juu ya mwani na kuwasha ngozi ya anayezishika, ni prokarioti. DNA yake imo katika saitoplazimu bila kiini chochote.

Istilahi imechangia kuuficha ukweli huo. Lyngbya ni sianobakteria, kundi ambalo kwa muda mrefu liliitwa mwani wa kijani-buluu, kana kwamba ni ndugu wa spinosamu. Ukubwa nao si kigezo cha kutegemewa. Seli nyingi za prokarioti zina upana wa mikromita 1 hadi 5, na za yukarioti 10 hadi 100. Lakini seli za Lyngbya huweza kuzidi mikromita 20. Ukuta wa seli unaonesha zaidi: wa sianobakteria una peptidoglaikani, ilhali wa spinosamu una selulosi na karajinani, ambayo ndiyo inayoupatia mwani soko.

Hata hivyo, mpaka huu unapita pia ndani ya seli ya mwani. Ribosomu za saitoplazimu yake ni za 80S, lakini za kloroplasti ni za 70S kama za bakteria, na kloroplasti ina DNA yake yenyewe. Konstantin Mereschkowsky alidai mwaka 1905 kwamba kloroplasti zilitokana na viumbe wa jamii ya sianobakteria waliomezwa na seli nyingine; Lynn Margulis aliihuisha hoja hiyo mwaka 1967, nayo sasa inakubalika kwa jumla.

Jambo hili lina uzito katika ugonjwa wa kupauka kwa mwani, ambapo joto au mabadiliko ya chumvi huudhoofisha mmea, kisha bakteria, wakiwemo Vibrio, huushambulia. Kiuavijasumu kinachozuia ribosomu za 70S kinaweza kuidhuru kloroplasti pamoja na bakteria, mbali na kwamba maji kujaa na kupwa yangekisomba. Kuhamishia kamba kwenye maji yenye kina na ubaridi zaidi hakuhitaji kutenganisha ribosomu hizo mbili.