Kompyuta Ndani ya Kompyuta: Mashine Pepe na Matatizo Yake

Shule ya sekondari iliyo mbali na mji, iwe upande wa Haydom au upande wa Bassotu, ikijaliwa kupata kompyuta kumi hujikuta mbele ya fumbo. Kompyuta hizo ndizo zitakazotunza alama za mitihani, barua za mkuu wa shule na orodha ya wanafunzi. Na ndizo hizo hizo ambazo wanafunzi wanapaswa kuzifungua, kuzichokonoa na hata kuziharibu ili wapate kujifunza. Mwalimu mwenye hadhari huamua kufunga mlango, na somo la kompyuta hugeuka kuwa somo la ubao na chaki. Kijana wa Mbulu humaliza kidato cha nne akiwa anaweza kutaja sehemu zote za kompyuta bila kuwahi kusimika mfumo endeshi hata mara moja.

Njia ya kulitegua fumbo hilo ipo, wala haihitaji fedha. Ni kuweka ndani ya kompyuta halisi kompyuta nyingine isiyo na sanduku, ambayo kwa Kiswahili tumezoea kuiita mashine pepe. Programu maalumu, kama vile VirtualBox ambayo sehemu yake ya msingi hutolewa bure, hukata kipande cha kumbukumbu, hutengeneza faili moja kubwa na kulifanya lionekane kuwa diski, kisha huuambia mfumo endeshi utakaowekwa humo: hii ndiyo kompyuta yako. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na ile ya ndani huitwa mgeni. Mwanafunzi akifuta mfumo mzima wa mgeni kwa amri moja, mwenyeji hatikisiki. Mwalimu hurudisha nakala safi kwa muda wa dakika chache, na kipindi huendelea.

Fikra hii si ngeni. Wahandisi wa kampuni ya IBM waliokuwa Cambridge, jimbo la Massachusetts, walikuwa na mfumo wa namna hii uliofanya kazi mnamo mwaka 1967, wakati kompyuta moja ilijaza chumba na watu wengi waliigombea. Mwaka 1974 wanasayansi wawili wa Marekani, Gerald Popek na Robert Goldberg, walichapisha masharti matatu ambayo mpaka leo hutumika kuipima mashine pepe: programu ndani yake iende kama ambavyo ingekwenda kwenye mashine halisi, amri zake nyingi zitekelezwe moja kwa moja na mashine halisi, pasipo kupitia mikono ya mtu wa kati, na mwenyeji asipoteze kamwe mamlaka juu ya mali yake. Ni mwaka huo huo wa 1974 ambapo Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Sharti la pili kati ya hayo matatu ndilo chimbuko la matatizo mengi ninayoulizwa na walimu, hivyo yafaa tulitazame kwa makini.

Msomaji wa Mbulu na Hanang ana mfano ulio karibu kuliko wowote niliosomeshwa ng'ambo. Mwiraqw na Mdatoga wanaokutana mnadani wasipokuwa na Kiswahili wanahitaji mkalimani, kwa maana Kiiraqw ni lugha ya Kikushi na Kidatoga ni ya Kiniloti, na mmoja hawezi kulikisia neno la mwingine. Kila sentensi husemwa mara mbili. Biashara hufanyika, ila polepole. Kompyuta nazo huweza kufanya kazi kwa ukalimani: programu husoma kila amri ya mgeni na kuitafsiri. QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003, yaweza kufanya hivyo. Lakini mashine pepe iliyo kamili haina mkalimani. Mgeni na mwenyeji husema lugha moja, na prosesa husikiliza amri za mgeni yenyewe. Mwenyeji huingilia kati pale tu mgeni anapotaka kugusa jambo lisilo la wageni.

Ili prosesa iweze kumsikiliza mgeni na papo hapo imzuie asivuke mipaka, sharti iwe imeundwa hivyo. Intel waliuweka uwezo huo katika prosesa zao kuanzia mwaka 2005, na AMD mwaka 2006. Tatizo la kwanza basi, na ndilo linalowakatisha tamaa walimu wengi, ni kwamba uwezo huo mara nyingi upo lakini umezimwa tangu kiwandani. Dalili zake ni mbili. Ama VirtualBox hukataa kumwasha mgeni na kutoa ujumbe wenye herufi VT-x au AMD-V. Ama, katika orodha ya mifumo ya kuchagua, yale majina yenye namba 64 hayaonekani, yamebaki ya 32 pekee. Mwalimu hudhani kompyuta ni mbovu, au programu aliyopewa ni pungufu. Hapana. Zima kompyuta, iwashe upya, na kabla Windows haijaanza bonyeza kitufe cha kuingia katika bayosi: F2 kwa kompyuta nyingi za Dell, F10 kwa HP, F1 au F2 kwa Lenovo. Tafuta mstari wenye neno Virtualization, uwashe, hifadhi, kisha uzime kompyuta kabisa hata kuchomoa waya wa umeme kwa muda kabla ya kuiwasha tena. Baadhi ya kompyuta hazikubali badiliko hili kwa kuanzishwa upya tu.

Kuna kompyuta za zamani, zikiwamo baadhi za aina ya Core 2 Duo, ambazo hazina uwezo huo kabisa, na hakuna kitufe kitakachouleta. VirtualBox kuanzia toleo la 6.1 la mwaka 2019 haziendeshi mashine pepe kwenye kompyuta hizo. Shule iliyopewa msaada wa kompyuta kuukuu yafaa ilichunguze jambo hili kabla ya kuandika barua ya shukrani. Kwa mashine kama hizo hubakia njia ya mkalimani, yaani QEMU, na subira.

Lipo pia tatizo lililo kinyume cha hilo: uwezo umewashwa, mgeni anawaka, lakini anajikokota. Tazama pembe ya chini ya dirisha la mgeni. Ukiona alama ya kobe mdogo wa kijani, VirtualBox inakuarifu kwamba Windows yenyewe imekwisha kuukalia ule uwezo wa prosesa kwa shughuli zake, na mgeni wako anapita mlango wa uani. Watengenezaji walichagua kobe, nami sioni alama iliyo wazi zaidi. Dawa ni kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika bcdedit /set hypervisorlaunchtype off, kisha kuwasha upya. Ukitaka kurudi ulikotoka, badala ya off andika auto. Sehemu ya shughuli zinazozimwa hapo ni za ulinzi, kwa hiyo ifanye kazi hii kwenye kompyuta za maabara, wala si kwenye ile ya mhasibu wa shule.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu, ambako makosa ni ya hesabu. Tuchukue kompyuta yenye gigabaiti 4. Windows ya mwenyeji pamoja na kivinjari kimoja kilichofunguliwa hula gigabaiti 2 au zaidi. Mwalimu, kwa ukarimu, humpa mgeni gigabaiti 3. Jumla ni 5 ndani ya 4. Kompyuta haigomi; hufanya jambo baya zaidi, yaani huanza kuhamisha baadhi ya kumbukumbu kwenda kwenye diski na kuirudisha kila inapohitajika. Kusoma kutoka kwenye kumbukumbu huchukua takriban nanosekunde 100; kichwa cha diski ya kuzunguka huchukua takriban milisekunde 10 kukifikia kitu kinachotafutwa. Mwanafunzi agawe mwenyewe: tofauti ni mara 100,000. Kama kuchukua kitabu kilicho juu ya meza yako kungechukua sekunde moja, kukifuata diskini kungechukua sekunde 100,000, ambazo ni zaidi ya saa 27. Ndiyo maana taa ya diski huwaka bila kupumzika, na mgeni na mwenyeji wote wawili huganda.

Kanuni niitumiayo ni kwamba mgeni asipewe zaidi ya nusu ya kumbukumbu iliyopo, na kwenye kompyuta ya gigabaiti 4 apewe moja. Linux isiyo na madirisha, ya kuandika amri tu, hutosheka hata na megabaiti 512, nayo kwa mafunzo ina faida kuliko ile yenye mapambo. Hali kadhalika usimpe mgeni viini vyote vya prosesa. Prosesa ikiwa na vinne, viwili vinamtosha. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hapewi jembe, lakini hatuna budi kumpimia unga.

Umeme ukikatika ghafla, hasara yaweza kuwa kubwa. Mgeni anapoandika kitu kwenye diski yake anaamini kimekwisha kuandikwa, kumbe diski yake ni faili la mwenyeji, na mwenyeji huenda bado amelishika kumbukumbuni akingoja nafasi. Kuna ngazi mbili za kungoja badala ya moja. Umeme ukienda wakati huo, mgeni aweza kuamka na diski iliyopotoka. Mara nyingi Linux hujirekebisha yenyewe inapowaka. Ikishindwa na kukuachia mstari wa amri, andika fsck pamoja na jina la sehemu ya diski inayotajwa katika ujumbe. Endapo mgeni alikuwa amelazwa tu, yaani hali yake imehifadhiwa bila kuzimwa, na sasa anakataa kuamka, chagua kuitupa ile hali iliyohifadhiwa. Utapoteza yale ambayo hayakuwa yamehifadhiwa, lakini diski itabaki. Utaratibu bora ni kumzima mgeni kikamilifu kila kipindi kinapokwisha, kengele ilie isilie.

Walimu wengi hutegemea picha za hali, zile alama ambazo VirtualBox huweka ili uweze kurudi nyuma. Ni chombo kizuri sana, ila si nakala ya akiba. Kila picha huanzisha faili jipya linalobeba mabadiliko tu, na mafaili hayo hushikana kama pete za mnyororo. Mtu akiona diski ya mwenyeji imejaa, akaingia kwenye folda na kufuta faili moja analoliona halina kazi, mnyororo hukatika na kazi ya darasa zima hutoweka. Picha zifutwe kutoka ndani ya VirtualBox yenyewe, wala zisifutwe kwa mkono. Tena diski ikijaa kabisa mgeni husimamishwa na ujumbe hutokea. Usiogope, ongeza nafasi kwenye diski ya mwenyeji kisha umruhusu aendelee.

Nakala ya kweli hutengenezwa kwa kumsafirisha mgeni aliyezimwa, akawa faili moja lenye mwisho wa ova, nalo hupelekwa kwenye chombo kingine. Hapa hutokea kisa kinachowashangaza wengi: flashi ina nafasi ya gigabaiti 32, faili ni la gigabaiti 5, na kompyuta inasema faili ni kubwa mno. Flashi hiyo imepangwa kwa mtindo wa FAT32, ambao huandika ukubwa wa faili kwa biti 32. Namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa kwa biti 32 ni 4,294,967,295, na faili haliwezi kuivuka hata kwa baiti moja. Hamisha vilivyomo, panga flashi upya kwa mtindo wa exFAT, na kazi itakwenda. Nakala hiyo isilale chumba kimoja na kompyuta. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na vijiji vya jirani, yakaua watu zaidi ya 80. Mbele ya msiba wa namna hiyo diski ni kitu kidogo. Hata hivyo, kumbukumbu za shule zikipotea humfuata mwanafunzi kwa miaka.

Mambo madogo madogo tuyapitie kwa haraka. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha la mgeni, kitufe cha Ctrl cha upande wa kulia hukifungua. Mgeni anayetumia mtindo wa NAT aweza kutoka kwenda nje, lakini mwenzake wa kompyuta ya jirani hawezi kumwita. Kwa mafunzo ya mtandao chagua mtandao wa ndani, ambao hauhitaji intaneti wala kifurushi. Na kifurushi chenyewe kilinde: wageni kumi wanaojisasisha kwa siri waweza kukimaliza kabla ya saa nne asubuhi. Ukinakili mgeni mmoja mara kumi, iamuru VirtualBox itengeneze anwani mpya za kadi za mtandao, la sivyo wageni wote watajitambulisha kwa jina moja.

La mwisho ni saa. Kwenye kompyuta kuukuu betri ndogo ya duara iliyo juu ya ubao mkuu, yenye maandishi CR2032, ikiisha nguvu, mwenyeji huamka akidhani yupo miaka mingi iliyopita. Mgeni huchukua saa kutoka kwake, na tovuti salama humkataa kwa kuwa vyeti vyao, kwa hesabu yake, bado havijaanza kutumika. Mwalimu hutafuta kosa kwenye mtandao siku nzima. Atazame tarehe kwanza, kisha anunue betri hiyo. Wauzaji wa saa huwa nayo.