Timu ya vijana ni kitalu, Usevya tusing'oe miche bila daftari

Na Mwandishi Wetu, Usevya

UKIPITA Usevya baada ya mpunga kuvunwa na magunia kuingia stoo, utakuta mambo mawili yamechangamka. La kwanza ni biashara ya mchele. La pili ni mpira. Vibanda umiza hujaa watu Simba au Yanga zinapocheza, na viwanja vya mchangani hupata mashindano ya kombe la mbuzi, kombe la diwani na mengine ya aina hiyo.

Muulize shabiki yeyote akutajie wachezaji 11 wa klabu yake, atakutajia na wa akiba. Muulize tena akutajie watatu tu wa timu ya vijana chini ya miaka 20 ya klabu hiyo hiyo, atabaki akikuangalia. Wa kigeni aliyesajiliwa jana anamjua mpaka namba ya jezi. Kijana wa Kitanzania anayelelewa na klabu hiyo hamjui.

Kwa mkulima na mfanyabiashara mdogo hili si jambo la ushabiki tu. Timu ya vijana ndiyo sehemu pekee ya mpira inayoweza kumgusa mtoto wake. Pia ndiyo sehemu pekee ambayo klabu ndogo ya kijijini ina haki ya kulipwa kwa kanuni. Lakini haki hiyo huenda kwa aliyetunza kumbukumbu. Asiyekuwa na daftari hana anachodai.

Kitalu na shamba

Mkulima wa mpunga wa bonde hili hahitaji kufundishwa maana ya kitalu. Miche ikiwa dhaifu kitaluni, hata ukiipandikiza kwenye jaruba lenye maji mazuri utavuna makapi. Klabu ya mpira ni hivyo hivyo. Timu ya wakubwa ndiyo shamba, na timu za vijana ndizo kitalu.

Klabu zetu kubwa zimewahi kuonja faida ya kitalu. Mwaka 2012 Simba ilitwaa kombe la BancABC Sup8R kwa kutegemea vijana wa timu yake ya pili. Jonas Mkude, aliyepandishwa kutoka timu ya vijana ya Simba, alifikia kuwa nahodha wa klabu hiyo na akakaa hapo hadi mwaka 2023 alipokwenda Yanga. Azam FC nayo ilijenga kituo cha kulea vijana Chamazi, Dar es Salaam. Novatus Dismas alipita katika mikono ya Azam kabla ya kwenda Maccabi Tel Aviv ya Israel mwaka 2020.

Kanuni inasemaje

Tangu mwaka 2001, kanuni za Shirikisho la Soka la Kimataifa (FIFA) kuhusu uhamisho wa wachezaji zinatambua aina mbili za malipo kwa klabu zilizomlea mchezaji.

Ya kwanza ni fidia ya mafunzo. Hii hulipwa kijana anaposajiliwa kwa mara ya kwanza kuwa mchezaji wa kulipwa katika nchi nyingine, na pia anapohama kwenda nchi nyingine kabla ya kumalizika mwaka anaotimiza umri wa miaka 23. Hesabu yake hutegemea daraja la klabu inayomchukua. Kwa klabu za Afrika zilizo daraja la nne, kiwango ni dola 2,000 za Marekani kwa mwaka mmoja wa malezi, ingawa klabu ya daraja hilo inapomchukua mchezaji haidaiwi fidia hiyo.

Ya pili ni fungu la mshikamano. Mchezaji anapouzwa nje ya nchi kabla mkataba wake haujaisha, asilimia tano ya bei yake hutengwa kwa ajili ya klabu zote zilizomlea kuanzia msimu wa umri wa miaka 12 hadi 23. Kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una robo ya asilimia moja ya bei. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una nusu ya asilimia moja.

Tufanye hesabu. Tuseme klabu ya Usevya ilimlea kijana kuanzia miaka 12 hadi 15, misimu minne. Baadaye kijana huyo, akiwa na klabu nyingine, anauzwa kwa dola 1,000,000. Misimu minne mara robo ya asilimia ni asilimia moja, yaani dola 10,000. Kama ingemlea na misimu ya miaka 16 na 17, ingeongeza dola nyingine 10,000. Fedha hiyo haitoki kwa kijana wala mzazi wake. Inakatwa kwenye bei anayolipa mnunuzi.

Miaka ya Lubumbashi

Mfano mzuri ni Mbwana Samatta, aliyezaliwa Desemba 1992. Alitoka African Lyon akaenda Simba mwaka 2010, na mwaka 2011 akachukuliwa na TP Mazembe ya Lubumbashi. Alikaa huko hadi Januari 2016, akaenda Genk ya Ubelgiji. Januari 2020 Genk ikamuuza kwa Aston Villa ya Uingereza akiwa na umri wa miaka 27.

Msomaji atauliza, miaka 27 si imeshapita 23? Imepita, lakini hesabu ya malezi haifi. Kinachoangaliwa ni nani alikuwa naye alipokuwa na miaka 12 hadi 23, si umri aliouzwa nao. Misimu yake ya miaka 19, 20, 21 na 22 yote ilikuwa Mazembe. Kwa kanuni, misimu hiyo minne peke yake ni asilimia 40 ya fungu zima la mshikamano. Klabu za Dar es Salaam alikopita akiwa kijana nazo zina sehemu yao, kila moja kwa misimu iliyomsajili.

Somo kwa Usevya ni hili: neno muhimu ni "iliyomsajili". Kanuni haimtambui mzee aliyemnunulia kijana viatu, wala timu ya mtaa isiyo mwanachama wa chama chochote. Inaitambua klabu iliyosajiliwa na yenye jina la kijana katika kumbukumbu za shirikisho. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu ya kupitisha malipo haya, na inafanya kazi kwa pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, ambayo huonyesha alikocheza msimu kwa msimu. Palipo na pengo kwenye pasipoti hiyo pana fedha iliyopotea.

Umri ni mali

Mwaka 2005 timu yetu ya Taifa ya vijana chini ya miaka 17, Serengeti Boys, ilifuzu fainali za Afrika zilizofanyika Gambia. Haikwenda. Iliondolewa baada ya kubainika kuwa ilimchezesha mchezaji aliyezidi umri. Miaka 12 baadaye mambo yaligeuka. Congo Brazzaville iliondolewa kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wake kupimwa umri, na Serengeti Boys wakapata nafasi ya kucheza fainali za Gabon mwaka 2017.

Hapo utaona kuwa kudanganya umri ni hasara ya kibiashara. Kijana wa miaka 19 anayeandikwa 16 ataonekana hodari kwa msimu mmoja, kisha kipimo cha mfupa wa kifundo cha mkono kitamwumbua yeye na timu nzima. Tena aliyepunguziwa umri huchukua nafasi ya mtoto halali ambaye huenda angefika mbali.

Vijijini kwetu watoto wengi walizaliwa nyumbani, na mzazi hukumbuka kuwa ni mwaka ule wa mafuriko au wa njaa. Haitoshi. Cheti cha kuzaliwa kutoka RITA kifuatwe mapema, mtoto akiwa shule ya msingi, si siku basi la kwenda kwenye majaribio linapowasha injini.

Kuuza mpunga ungali shambani

Wakulima wa mpunga tunamjua mnunuzi anayekuja Februari, mwenye shamba akiwa na njaa, akampa fedha kidogo kwa makubaliano ya kuchukua magunia kadhaa wakati wa mavuno. Bei ya mavuno ikija, anayecheka ni mmoja.

Katika mpira mnunuzi huyo yupo, naye anaitwa wakala. Humwona kijana wa miaka 15 kwenye UMITASHUMTA au UMISSETA, humfuata mzazi, humpa simu na jezi, kisha huahidi Ulaya. Wako mawakala wa kweli wenye leseni, na hao wana maana yao. Lakini mzazi ajue kuwa FIFA inakataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishiwa nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana zilizoandikwa. Kelvin John, aliyekuwa Serengeti Boys katika fainali za Afrika zilizofanyika Dar es Salaam mwaka 2019, alijiunga na Genk mwaka 2021 baada ya kutimiza miaka 18. Kama kijana aliyecheza fainali za Afrika alisubiri, wa kwetu ataruka vipi?

Kwa hiyo mtu anayekuambia uza ng'ombe ili mtoto wa miaka 15 apelekwe kucheza nje, muulize kwa kanuni ipi. Anayetaka umtumie fedha ya fomu na ya majaribio kwa simu kabla hujaiona klabu, mwache aende. Na karatasi yoyote usiitie dole gumba mpaka mwalimu wa shule au mwanasheria ameisoma.

Gharama ya kitalu

Sasa tuje kwenye mfuko. Kwa mfano, klabu ya kijiji ina vijana 20 wa umri wa miaka 12 hadi 15. Ina mipira minne, seti moja ya jezi, sanduku la huduma ya kwanza, ada za usajili na nauli ya kwenda kucheza Mpanda mara chache. Tuseme vyote ni Sh1,200,000 kwa mwaka. Ukigawa kwa vijana 20 unapata Sh60,000 kwa kijana. Kwa miaka minne ni Sh240,000 kwa kila mmoja, na Sh4,800,000 kwa kundi zima.

Je, italipa? Nikiwa mchumi lazima niseme ukweli. Katika vijana hao 20, inawezekana kabisa asipatikane hata mmoja wa kuuzwa nje. Ndama aliye tumboni hapangiwi bei. Klabu inayoendeshwa kwa matumaini ya dola itakufa msimu wa pili.

Kwa hiyo gharama ya kila mwaka ilipwe na mapato ya kila mwaka. Siku ya mechi, mama lishe, muuza miwa, muuza maji na bodaboda wote hupata wateja. Wakichangia kidogo kila mechi, wanalinda soko lao wenyewe. Kiingilio kidogo, mchango wa wenye mashine za kukoboa na wenye maduka ya pembejeo, na zawadi za mashindano vinaweza kubeba mzigo huo. Fedha ambayo timu nyingi za mchangani huipitisha kwa ile inayoitwa "kamati ya ufundi", yaani mganga, ingetosha kulipia vyeti vya watoto kadhaa. Fungu la mshikamano likija, lihesabiwe kama mvua ya ziada.

Wasichana wasisahauliwe. Oktoba 2022 timu ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia nchini India. Fidia ya mafunzo haihusu soka la wanawake, lakini fungu la mshikamano linahusu.

Cha kufanya msimu huu

Kwanza, klabu isajiliwe. Ofisa michezo wa Halmashauri ya Mpimbwe ndiye mlango wa kuanzia kwa Msajili wa Vyama vya Michezo. Kisha iwe mwanachama wa chama cha soka cha wilaya, ili kupitia mkoa wachezaji wake waingie kwenye mfumo wa Shirikisho la Soka Tanzania (TFF).

Pili, kuwe na daftari la kila kijana: jina kama lilivyo kwenye cheti, tarehe ya kuzaliwa, shule, picha, tarehe aliyoingia na aliyotoka, na mechi alizocheza. Likae kwa katibu, nakala ikae shuleni.

Tatu, kijana akiondoka, aondoke kwa barua na uhamisho uingizwe kwenye mfumo. Baada ya hapo klabu iendelee kumfuatilia. Madai hufa baada ya miaka miwili, na klabu iliyokufa yenyewe hukosa kabisa, fungu lake likaweza kwenda kwa shirikisho la nchi kwa ajili ya soka la vijana.

Nne, mashabiki tuzifuatilie timu za vijana za klabu tunazozipenda. Tuulize wangapi wamepandishwa mwaka huu, wangapi wanaendelea na shule, wangapi walitupwa kwa jeraha. Klabu isiyo na jibu si ya kumpelekea mtoto, hata kama jezi yake tumeivaa tangu utotoni.

Mkoa wa Katavi ulizaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa. Watoto waliozaliwa mwaka huo leo wako katika umri ule ule ambao kanuni inauhesabu msimu kwa msimu. Msimu wa miaka 13 ukipita bila jina kuandikwa, haurudi. Mkulima huandika magunia aliyoingiza stoo kabla hajalala. Na kijana aandikwe.