Pumu na Vumbi la Karafuu

Ndugu Wanachama,

Msimu uliopita mwenzetu mmoja aliweka karafuu zake chumbani kwa kuchelea wezi, na mwanawe wa miaka 9 akawa analala juu ya magunia. Kila usiku mtoto alibanwa na kifua. Mchana alikuwa mzima, akicheza. Kwa hivyo baba alishika kuwa ni baridi ya alfajiri, akampa chai ya tangawizi. Daktari ndiye aliyeuliza mtoto analala wapi.

Tumeona yafaa tulieleze jambo hili kabla ya uchumaji kuanza.

Mwili una ulinzi wake dhidi ya maradhi. Kwa baadhi ya watu ulinzi huo hukosea, ukalichukulia vumbi au koga kuwa ni adui. Hali hii huitwa aleji, jina lililotungwa na Clemens von Pirquet, daktari wa Vienna, mwaka 1906. Mara ya kwanza mtu hahisi kitu. Mwili huwa unajitayarisha tu. Akilivuta tena vumbi lile, njia za pumzi huvimba kwa ndani, misuli yake hukaza na kohozi hujaa. Ndiyo pumu hiyo.

Lililompoteza mwenzetu ni hili: kifua huweza kubana papo hapo, na pengine kikabana tena baada ya muda wa saa nyingi. Vumbi la alasiri humtesa mtu usiku. Tena mwenye kulivuta kila siku, njia zake za pumzi hubaki zimevimba, hata moshi kidogo au mafua humwangusha.

Si kila pumu chanzo chake ni aleji, wala si kila mtu hudhuriwa na karafuu. Lakini vumbi la viungo huweza kuleta pumu kwa baadhi ya wanaolishughulikia, na karafuu zisizokauka huota koga, ambayo nayo hudhuru kifua.

Basi tunawashauri haya:

1. Karafuu zisilale chumba kimoja na watu.

2. Zianikwe zikauke barabara kabla ya kutiwa guniani. Hapo bei na kifua vyote vitasalimika.

3. Wakati wa kupepeta na kujaza magunia, mwenye pumu akae mbali, upande upepo unakotoka.

4. Dawa ya kuvuta ya kuzuia uvimbe itumiwe kila siku kama alivyoagiza daktari, hata siku za uzima. Ile ya kufungua kifua ni ya wakati wa kubanwa.

5. Asiyeweza kumaliza maneno kwa kuhema, au midomo yake ikabadilika rangi, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa usiku wa manane.

Magunia ya mwenzetu sasa yamo bandani, chini ya kufuli. Mtoto bado ana pumu, lakini halali tena ameketi.

Katibu